Mapazia Yaliyofungwa Mchana

Mlio ulitoka nyuma ya meko giza lilipoanza kuingia: chuma juu ya tofali, mara tatu, taratibu, kama wa mtu asiye na haraka. Kisha kimya.

Bi Nellie Ibbotson aliweka kikombe chake chini. Mumewe, mzee Walter, alinyoosha mkono akaongeza sauti ya televisheni. Mwana wao Graham, aliyekuwa amesimama mlangoni bado na koti lake mwilini, alimkazia macho Brenda Lomas: haya, umesikia mwenyewe.

Lomas alikuwa amesikia. Alipiga magoti mbele ya moto, akainama mpaka nywele zikakaribia kuungua, akapima kwa mkono mahali mlio ulipotokea. Chini, usawa wa wavu wa makaa. Aliyegonga alikuwa amepiga magoti kama yeye, upande wa pili wa ukuta, uso kwa uso naye.

"Mabomba ya maji," Graham alisema. "Nimemwambia Mama ni mabomba."

"Nyumba ya pili, namba kumi na moja, imekatwa maji tangu mwezi wa tisa," Lomas alijibu. "Na bomba halijui kuhesabu."

"Ni Edna," alisema Bi Nellie. "Edna Thackray. Tulimfungia mapazia."

Brenda Lomas alikuwa mpelelezi wa kampuni ya bima kwa miaka mingi, akiingia kwenye nyumba za wajane kutafuta sababu ya kuwanyima haki zao, mpaka siku moja alipoacha funguo za gari la kampuni mezani na kwenda kufanya kazi ya upelelezi katika ofisi ya msaada wa sheria ya Skelbrough. Mshahara ulikuwa mdogo, ila usingizi ulimrudia. Graham ndiye aliyemfuata. Shida yake aliieleza kwa maneno machache. Jumatatu wazazi wake walitakiwa kwa wakili kutia saini ya kuinunua nyumba yao kutoka halmashauri, kwa fedha aliyoitafuta yeye. Mzee alikuwa tayari. Mama alikuwa tayari pia, hadi ukuta ulipoanza kugonga. Sasa anasema Edna anamwonya, na hatii saini mahali popote. Graham alitaka ajulikane anayegonga, akomeshwe, watu waendelee na maisha.

Ukiniuliza nani aliwafundisha watu wa Skelbrough kutamani kununua matofali waliyokuwa wakiyakalia miaka yote, nitakwambia. Ni walewale waliofunga mgodi wa makaa ya mawe. Mgomo wa wachimbaji ulivunjwa, lifti ya mgodi ikang'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na kabla geti halijaanza kushika kutu, vipeperushi vikaanza kupenya chini ya milango: nyumba yako, ndoto yako, punguzo kubwa kwa mpangaji wa siku nyingi. Mtu aliyenyang'anywa kazi akaonyeshwa mlango wake mwenyewe na kuulizwa, huutaki? Mzee Walter aliutaka. Kopo la rangi nyekundu lilikuwa limekaa ukumbini tangu kiangazi, halijafunguliwa. Milango yote ya Mtaa wa Hawthorn ilikuwa ya kijani, kijani cha halmashauri, na yeye alikuwa ameapa kwamba siku nyumba ikiwa yake, wa kwake utakuwa mwekundu.

Jirani yake Edna ndiye aliyemtangulia kununua. Mlango wake ulikuwa wa bluu.

Lomas aliomba aelezwe kuhusu kugonga. Bi Nellie alieleza huku mikono yake ikikunja na kukunjua kitambaa cha vyombo. Wanaume walipokuwa wakishuka mgodini, mke hakuwa na njia ya kujua kama mume wa jirani amerudi. Kwenda kubisha hodi ilikuwa mkosi. Mwanamke akisikia hodi wakati wa zamu moyo wake husimama. Basi wakatumia meko. Mume akirudi, mke huchukua chuma cha kuchokolea moto, hugonga ukuta mara tatu: amerudi. Wa upande wa pili hujibu: na wangu pia. Waume walipostaafu, wanawake hao wawili waliendelea. Mume wa Edna alipofariki, Edna hakuacha. Kila jioni aligonga kujisemea mwenyewe. Nimerudi. Nipo.

"Na sasa anagonga nini?" Lomas aliuliza.

"Vilevile." Bi Nellie hakumtazama. "Anasema amerudi."

"Unamjibu?"

"Wewe ungemjibu maiti, binti yangu?"

Hapo Walter akazima televisheni. Alisema mkewe na Edna walipika pamoja katika jiko la mgomo mwaka mzima, walilisha mtaa huu kwa viazi na maneno makali, kwa hiyo msiba umemwingia vibaya, na hakuna zaidi. Lomas alikubali kwa kichwa, kisha akamwuliza swali ambalo inaonekana hakuna aliyewahi kuliuliza chumbani mle. Nani aliuona mwili?

Walitazamana.

Hakuna aliyeuona. Asubuhi moja mapazia ya Edna yalikutwa yamefungwa, ya mbele yote, juu na chini, jua likiwaka. Katika mtaa ule mapazia hayafungwi mchana ila kwa jambo moja. Bi Nellie akafunga ya kwake kwa heshima. Namba kumi na tano wakafunga. Kufikia saa nne mtaa mzima ulikuwa umefumba macho. Gari zito lilisikika likija na kuondoka, wakajua ni la mazishi. Walichangishana maua, wakayaweka kizingitini. Baada ya siku mbili walipofungua mapazia, maua yalikuwa pale pale na nyumba imepigiwa mabati ya chuma madirishani na mlangoni. Wakasema Keith, mwanawe Edna, amemzika mamake mjini kimyakimya, kwa ubahili wake.

"Mlimwuliza Keith?"

"Hayo hayaulizwi," Walter alisema. "Mtu akifiwa unamwacha."

Funika kombe mwanaharamu apite. Lomas alivaa koti.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mtaa. Lomas aliizunguka namba kumi na moja akivuta kila bati. Skrubu zote zilikuwa zimeshika kutu, hakuna iliyoguswa. Mwanamke aliyekuwa akipita na mkokoteni wa mtoto alisimama kumtazama, akamwambia aangalie asije akamwona. Nani? Yule bibi, mwanamke alisema, akacheka kidogo bila furaha. Watoto wake walidai wamemwona uani alfajiri, na koti lake na kofia yake ya kanisani, amebeba ndoo. Baba yao aliwachapa kwa kusema uongo juu ya wafu.

Graham alikuwa na mtu wake wa kumshuku: Cyril Oldroyd, mchimbaji wa zamani kama Walter, aliyeacha kumsalimia rafiki yake siku aliposikia ananunua. Lomas alimkuta kwenye vibanda vya njiwa juu ya kilima, akiwamwagia ndege mahindi huku akiwasema kama mama mkwe. Cyril hakukana chuki yake. Alisema nyumba zile zilijengwa kwa kodi za watu waliokufa wakikohoa, na sasa kila mmoja anavunja kipande chake na kukimbia nacho. Lakini kugonga ukuta kumtisha Nellie? Aliudhika kweli.

"Mwanamke huyo alinilisha mwaka mzima. Mimi nikitaka kumtukana Walter ninamtukana usoni, tena bure."

"Wewe hukai mbali. Ungeweza kuingia namba kumi na moja."

"Kwa magoti haya? Binti, mimi kuingia kitandani tu ni safari." Alimwelekezea mtaa chini yao, ambako paa zilikuwa zikichomoza kwenye ukungu kama migongo ya ng'ombe mtoni. "Unamwona Walter, tajiri wetu? Bado hajasaini, ameshaanza kuwasha mioto miwili. Makaa ya bure ya wastaafu wa mgodi hayo, anayachoma kama mfalme."

Lomas alitazama. Dohani ya namba kumi na moja na ya kumi na tatu, ya akina Ibbotson, ilikuwa moja, nguzo moja ya matofali iliyokaa juu ya ukuta wa katikati, na vyungu vinne vya kutolea moshi kileleni. Mtu aliyesimama mtaani angeona moshi mmoja tu. Kutoka pale kwa njiwa ilionekana wazi: vyungu viwili vilikuwa vikifuka, kimoja kila upande.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ilipoanza. Mimi kazi yangu ni kutazama mapaa, njiwa watarudi wapi?"

Lomas aliteremka hadi kibanda cha simu, akapiga ofisi ya usajili wa vifo. Karani alikwenda, akarudi. Hakuna Edna Thackray aliyekufa Skelbrough mwaka huo, wala katika jiji jirani. Kisha akapiga kwa Keith. Simu ilikuwa imekatwa. Alimpata kazini, kwenye ghala la mitumba, na sauti yake Keith ilipotea aliposikia jina la mamake. Alisema mama yuko kwenye hosteli ya wazee jijini. Alisema alitaka kwenda kumwona, lakini haingii, kwa sababu kila akifika mlangoni anageuka. Lomas alimwuliza ilikuwaje. Keith alimweleza yote, na hakujitetea.

Lomas alimsubiri Graham nje ya yadi ya malori yake matatu, akaingia kwenye gari lake bila kukaribishwa.

"Umempata?"

"Karibu. Kwanza niambie fedha ya Jumatatu inatoka wapi."

"Benki. Ni mkopo wa biashara, una riba nafuu kuliko—"

"Na benki inashikilia nini?"

Graham aliwasha gari, kisha akalizima.

"Nyumba," alisema.

"Yako?"

"Yangu tayari imeshikiliwa. Kwa malori."

"Kwa hiyo ya wazazi wako."

"Ni karatasi tu. Mimi ninalipa. Wao hawatasikia kitu mpaka wafe."

"Baba yako anajua?"

"Baba anajua kwamba mlango utakuwa mwekundu." Alisugua uso kwa viganja. "Nilitaka wawe na kitu chao, Bi Lomas. Maisha yao yote wameomba ruhusa ya kugongomelea msumari ukutani. Hilo ni kosa?"

Lomas alifungua mlango wa gari. Alimwambia awe kwa wazazi wake kabla ya jua kuzama, na aje na tochi.

Jioni ile televisheni haikuwashwa. Moto ulikuwa mdogo, na Walter alilalamika kwamba hata makaa yake yanaibwa, ndoo moja leo, nusu ndoo kesho, vijana wa siku hizi. Lomas alimwuliza makaa huwekwa wapi. Kwenye stoo ya makaa, alisema, ule mlango mdogo wa chini uani. Nyumba zote zinao?

"Zote. Unamwaga kwa nje, unachota kwa ndani, kutoka jikoni. Kwani nyumba gani haina?"

"Nyumba za waliokuja kupiga mabati," Lomas alisema. "Wametoka jijini. Kwao ni swichi ya gesi. Wamefunga kila mlango waliojua kuwa ni mlango."

Walter aligeuka kuutazama mlango wa jikoni.

Mlio ukaja. Mara tatu, chini, taratibu. Graham aliyekuwa ameishika tochi aliiwasha. Lomas alichukua chuma cha kuchokolea moto kutoka kwenye ndoana yake, akampa Bi Nellie.

"Mjibu."

"Siwezi."

"Mama yangu, kila jioni anakwambia amerudi. Hujamjibu hata mara moja."

Bi Nellie alishuka magotini kwa kushika ukingo wa kiti. Chuma kilikwaruza tofali kabla ya kugonga. Mara tatu. Na wangu pia.

Wote waliinama kusikiliza upande wa pili wa ukuta. Halafu wakasikia kitu kikianguka sakafuni, chuma, na baada yake sauti nyembamba ikipenya kwenye masizi na matofali, sauti ya mtu mzima anayelia kwa kuziba mdomo. Graham alirudi nyuma hadi akagonga mlango.

Walipita uani. Mlango mdogo wa stoo ya namba kumi na moja ulikuwa umerudishiwa tu. Lomas aliingia kwanza kwa kiwiko na goti, Graham nyuma yake, koti lake zuri likijaa vumbi jeusi. Jikoni palikuwa patupu, karatasi za ukutani zimening'inia kwa unyevu. Tochi ilipopita sebuleni ilionyesha sakafu tupu, alama za miguu ya meza iliyoondolewa, vumbi jeupe pande zote. Lakini wavu wa meko ulikuwa unang'aa. Mtu alikuwa ameupaka dawa nyeusi na kuusugua hadi ukawa kama kiatu cha askari, kama wanawake wa mtaa ule walivyousugua kila Ijumaa tangu waolewe. Ndani yake vilikuwa vikiwaka vipande vichache vya makaa ya Walter.

Mbele ya moto huo, juu ya kreti la maziwa lililopinduliwa, alikaa Edna Thackray na koti lake na kofia yake ya kanisani. Hata hospitalini humwoni mtu mwembamba vile.

"Graham wa Nellie," alisema akikinga macho. "Futa miguu, mwanangu. Nimefagia."

Hakuwa na jambo la kuficha tena. Keith alimsaidia kununua nyumba. Alimshukuru, wakapaka mlango bluu, wakala keki. Mwaka uliofuata Keith alifungua duka la kukodisha kanda za video, akahitaji mkopo, akamwomba mamake saini moja. Karatasi tu, alisema. Duka likafa. Barua zikaja, Keith akawa anazichukua ili mama asipate wasiwasi. Ya mwisho ndiyo aliyoisoma mwenyewe: siku na saa ya madalali wa mahakama.

"Ningefanya nini? Niuache mtaa mzima unitazame nikitolewa na kitanda changu? Mimi niliyewahi kumfukuza dalali mtaani humu kwa ufagio?" Alicheka, ikawa kikohozi. "Nikafunga mapazia. Nilidhani nikifunga ya kwangu tu inatosha. Waliponitoa nikainua macho, nikaona yote yamefungwa. Yote, hadi namba ishirini. Nikasema, wamejua. Wamejua na hawataki kunitazama."

Graham alipiga magoti pale vumbini. Alimwuliza benki ipi. Edna alitaja. Tochi ikashuka taratibu mkononi mwa Graham mpaka mwanga ukawa duara dogo kati ya viatu vyake.

"Hosteli walinipa chumba na mwanamke anayepiga kelele usiku," Edna aliendelea. "Nikapanda basi. Nikashuka nyumbani. Ningeshuka wapi? Wewe, Nellie akikuuliza, mwambie sikuwa ninamtisha. Nilitaka tu ajue nimefika."

"Mwambie mwenyewe," ilisema sauti kutoka jikoni. Bi Nellie alikuwa amepita kwenye mlango wa makaa kwa umri wake ule, soksi zimechanika, uso una masizi, birika la chai mkononi. "Shoga, wewe mjinga. Nimetoa mchango wa maua yako."

"Niliyaona. Ya njano. Unajua sipendi njano."

Wakashikana. Lomas alitazama pembeni, akaanza kuwaza kazi.

Alipozungumza, alizungumza na Walter, aliyebaki nje ya tundu la makaa kwa sababu tumbo lilikataa. Alisema kwa sheria ilivyo, mtu aliyeingia nyumba tupu bila kuvunja kitu si mhalifu. Wanaoitaka nyumba waende tena mahakamani, wapange tena siku, waje tena na gari lao. Hilo litachukua miezi. Katika miezi hiyo halmashauri inaweza kusumbuliwa impangishe mwanamke mzee nyumba ya chini, hapahapa mtaani, naye Lomas alikuwa fundi wa kusumbua. Lakini gari litakuja.

"Likija tutalisikia," Walter alisema gizani.

"Mlilisikia hata mara ya kwanza, mzee."

Graham alitoka mwisho, akasimama mbele ya babake uani. Alimweleza rehani. Alieleza vibaya, akirudia rudia, akisema malori yanakwenda vizuri mwaka huu, akisema ni karatasi tu, na aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake akanyamaza. Walter alimsikiliza hadi mwisho. Alimwuliza kama kuna njia ya kununua bila benki kuishika nyumba. Graham alisema haipo, si kwa fedha hiyo.

"Kodi nimelipa kila Ijumaa tangu nimwoe mama yako," Walter alisema. "Mwaka wa mgomo nilikosa majuma mengi, halmashauri ikanifokea, ikanivumilia. Hiyo benki yako itanivumilia?"

Graham alitikisa kichwa.

"Basi Jumatatu nenda kazini, kijana wangu."

Mzee aliingia ndani. Walimsikia ukumbini akihangaika na kitu, bisibisi juu ya bati. Alipotoka mlango wa mbele alikuwa na kopo la rangi nyekundu wazi mkononi na brashi iliyokauka nusu. Alianza kupaka pale pale, kwenye ukungu, chini ya taa ya mtaa, juu ya kijani cha halmashauri, bila ruhusa ya mtu.

Namba kumi na tano pazia lilisogea.

"Fungua kabisa, Mavis!" Bi Nellie alisema kwa nguvu kutoka kizingitini, mkono wake kiunoni mwa Edna. "Njoo umwone. Mwite na mumeo."

Taa ziliwaka moja baada ya nyingine upande ule wa mtaa, kisha upande wa pili. Watu walitoka na ndara zao, wakasimama katikati ya barabara mbali kidogo, wakimtazama mwanamke waliyemfungia mapazia. Hakuna aliyesogea. Edna alirekebisha kofia yake.

"Haya," alisema. "Sasa nitazameni."